Mashine Ishirini na Sita, Jina Moja

Benchi la mapokezi lilikuwa la chuma, na Nabintu alikuwa amelikalia tangu saa nne kasorobo. Sasa saa saba ilikuwa imekwisha kugonga. Msichana wa mapokezi alikuwa amekunywa chai mara mbili, amepaka kucha rangi, na amemwambia mara tatu kwamba madamu yuko mkutanoni, mara zote tatu bila kumtazama. Mapema, wakati wa kuingia, askari wa getini aliupekua mkoba wake, akatoa chaja ya laptopu iliyokuwa mali yake mwenyewe, akaigeuzageuza kisha akadai risiti. Mtu gani hutembea na risiti ya chaja? Nabintu alitabasamu tu. Mtu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale akifika kwenye ofisi za Mbarara hujifunza kutabasamu hata pale ambapo roho inataka kutukana.

Ujumbe uliomleta aliupata jana akimenya mihogo: mashine ishirini na tano hazionekani, fika ofisini Nyamitanga, Mbarara, kesho bila kukosa. Alimsomea mumewe, Appolinaire. Appolinaire alisema huenda ni mtandao tu, akarudi kwenye karatasi zake, na hakuna wa kumlaumu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma mémoire yake ya ualimu, tasnifu ya kurasa sabini na mbili juu ya kufundisha hesabu darasa la watoto mia na ishirini. Miaka mitatu alikuwa ameiandika kwenye laptopu ya kuazima ya chumba cha kompyuta cha kambi, na nakala pekee aliyoiweka kwenye flash iliishia ukurasa wa arobaini. Chuo kingefunga mlango saa kumi na moja jioni. Akifaulu, angekuwa mwalimu mwenye cheti badala ya mwalimu wa kujitolea anayelipwa kwa ahsante.

Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na mitihani miwili siku moja, na Nabintu hakuweza kutulia kwa wowote kati ya hiyo miwili. Alihesabu vigae vya sakafu. Alitoa simu, akairudisha. Alitoa tena.

Shirika lililomwajiri lilikuwa na vyumba vya kompyuta katika makambi kadhaa, na cha Base Camp, pale Nakivale, kilikuwa na mashine arobaini. Miezi mitatu iliyopita makao makuu yaliamua kila mashine iwekewe programu ndogo ya kuisimamia. Nabintu aliipa jina la mlinzi, na jina hilo likashika. Mlinzi hukaa ndani ya mashine kimya kimya, na kila nusu saa, mradi kuna mtandao, hupiga hodi Mbarara: mimi nipo, niko mahali fulani, kuna kazi yoyote? Mbarara ikiwa na kazi humpa. Ikiwa mashine imeibwa, inaweza hata kumwamuru aifute yote. Nabintu alipewa mkataba wa wiki sita wa kuwaweka walinzi hao. Akiifanya kazi vizuri, aliahidiwa kazi ya kudumu ya fundi wa vyumba vyote vya kusini-magharibi, na Emery, mwanawe, angesoma Mbarara.

Mashine kumi na moja za Windows hazikumsumbua. Aliandika anwani ya makao makuu na ufunguo wa usajili kwenye faili, akabonyeza, ikawa. Zile Mac tatu, msaada wa kanisa moja la Ulaya, zilikuwa na maringo. Kila moja ilitaka mtu akae mbele yake na kumruhusu mlinzi kwa mkono, ruhusa baada ya ruhusa. Alizivumilia. Kasheshe ilikuwa kwenye laptopu kuukuu ishirini na sita za Linux. Kila moja ilitaka kuvuta mafaili mengi kutoka kwenye intaneti, na intaneti ya Base Camp hutembea kwa magoti, na betri za sola hukata roho kabla ya jioni. Siku mbili zilimpa laptopu moja tu.

Basi akafanya kama wafanyavyo mafundi wote wa Nakivale. Huko kila kitu hutengenezwa kimoja na kunakiliwa kwa wengine, iwe filamu, notisi za mtihani au nyimbo za harusi. Ile laptopu moja, aliyoibandika jina NAKI-01, aliitengeneza mpaka mlinzi wake akasalimiana na Mbarara na kupewa namba ya usajili. Kisha akainakili sehemu yote ya mfumo ya diski yake kwenye zile ishirini na tano, bila kugusa sehemu yenye mafaili ya watu. Siku nne, kazi kwisha. Fomu ya makao makuu ilisema kila mashine isajiliwe peke yake, na ilikuwa na nafasi ya sahihi kwa kila moja. Nabintu alitia sahihi ishirini na sita. Mkono ulisitasita kidogo kwenye ya pili, halafu ukazoea.

*

Madamu Natukunda, mkuu wa kitengo cha kompyuta, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani aliyoivaa zaidi kichwani kuliko machoni. Kiswahili alikipata kwa baba yake aliyekuwa jeshini, na leo alikitumia kwa sababu Kiingereza cha Nabintu kilikuwa kinachechemea. Alimwelekeza kiti. Fomu ya sahihi ishirini na sita ilikuwa mezani, chini ya kiwiko chake.

"Kompyuta arobaini natoka hapa na lori, nyabo. Skrini nasema kumi na tano. Ile ingine iko wapi?"

"Iko, madame. Yote iko. Zote nilizishika na mukono yangu."

"Wewe nashika. Skrini hapana ona."

Neno wizi halikusemwa mara moja. Lilizungukwa kwanza. Madamu alieleza kwamba wafadhili watakuja mwezi ujao. Akaeleza kwamba katika kambi nyingine, ambayo hakuitaja, mashine zilikutwa zinauzwa dukani zikiwa bado na stika. Akaeleza kwamba yeye binafsi aliwatetea watu wa kambi wapewe kazi hizi, na kwamba wenzake walimcheka. Nabintu alisikia masikio yanamwaka moto. Maisha yake yote ukimbizini hakuwahi kuchukua hata sabuni isiyo yake, na sasa alikuwa anatazamwa mikono.

Kisha madamu akageuza skrini. Windows kumi na moja zilikuwa na rangi ya kijani. Mac tatu, kijani. Chini yake ulikuwepo mstari mmoja peke yake: NAKI-01.

"Angalia huyu," madamu alisema. "Saa tatu asubuhi iko Kabingo. Dakika tano, iko Rugaaga. Dakika tano tena, iko Base Camp. Mwizi iko na pikipiki, nazunguka nayo kutafuta mteja."

Nabintu aliutazama mstari ule. Kutoka Kabingo hadi Rugaaga kwa dakika tano hata bodaboda aliyechoka kuishi hafiki. Isitoshe, aliwajua waliokuwa huko. Kabingo alikuwa Kantengwa, muuza vitenge aliyeazima laptopu wiki iliyopita, na Rugaaga alikuwa Munyakazi, anayesoma kilimo. Wote wawili waliandikwa kwenye daftari la kuazima. Hapo ndipo alipoelewa. Ile haikuwa mashine moja inayokimbia. Zilikuwa mashine ishirini na sita zilizotulia kila moja mahali pake, zikipiga hodi kwa jina moja. Aliponakili diski alinakili na namba ya usajili, sawa na watu ishirini na sita kupanga foleni ya posho na kadi moja. Hakuna kilichoibwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyezificha.

Alifungua mdomo aseme. Macho yakaangukia fomu, zile sahihi zake nzuri zilizopangwa safu. Alikuwa bado anatafuta pa kuanzia wakati madamu alipobonyeza.

"Nafuta hii. Ndani iko majina ya watoto wetu. Mwizi takuta hewa."

Kwenye mstari wa NAKI-01 pakatokea maneno ya manjano: amri inasubiri. Nabintu alijua inamsubiri nani. Ilimsubiri wa kwanza kupiga hodi, yeyote kati ya ishirini na sita. Atakayetangulia kuingia mtandaoni ataipokea na kufutwa chote alicho nacho, na amri itakuwa imekwisha.

Aliomba ruhusa ya kupiga simu nyumbani. Madamu alimruhusu kwa mkono, bila kuinua macho.

*

Nje, kando ya ukuta, saa ya simu yake ilisema saba na dakika kumi na tisa. Appolinaire alisema angekwenda chumba cha kompyuta saa nane kutuma kazi yake, lakini Appolinaire hajawahi kusubiri saa ifike. Simu yake ilikuwa imezimwa, bila shaka ili kutunza chaji. Nabintu akampigia Papa Astère.

Papa Astère Nshimirimana alikuwa Mrundi, mtunza chumba cha kompyuta na kiongozi wa kwaya ya Wakatoliki. Ndiye aliyefungua chumba asubuhi, ndiye aliyewasha na kuzima modemu, ndiye aliyeshika daftari la kuazima na kuandika kwa mkono wa kiseminari kila mashine ilitoka ikiwa katika hali gani na ilirudi katika hali gani. Alipopokea, nyuma yake kwaya ilikuwa inaimba kutoka kwenye laptopu, sauti ya mwanamke ikitangulia.

Nabintu alijua neno sahihi la kusema. Lilikuwa neno dogo: zima modemu. Bila modemu hakuna hodi, na bila hodi hakuna kufutwa, angalau pale chumbani. Lakini modemu ikizimwa, zile kumi na nne za kijani nazo zingeanza kupotea kwenye skrini moja moja, madamu akiwa amekaa mbele yake, dakika chache baada ya mtuhumiwa kutoka nje na simu. Angeonekana mwizi mara mbili. Basi akalimeza neno lile.

"Papa Astère, fanya mbio uende kwetu," alisema. "Umuambie bwana yangu, Papa Emery, asifungue ile mashini. Asiingie mu intaneti mupaka nimupigie."

"Kuna nini, mama?"

"Nitakuelezea nyuma. Enda tu."

"Sawa. Ninaacha kila kitu, ninakwenda."

Simu ilikatika. Nabintu alibaki na simu sikioni, akijifanya bado anaongea, kwa sababu askari wa getini alikuwa anamtazama. Akafikiri haraka haraka, na fikira zilizomjia zilikuwa tamu. Mume wake atakuwa amepona. Amri itaangukia laptopu moja kati ya zilizobaki, na nyingi zina nini, kama si filamu na picha za ubatizo? Yeye atarudi Nakivale, kwa siku mbili ataondoa namba ile kwenye kila mashine na kuisajili upya, moja moja, kama alivyotakiwa tangu mwanzo. Skrini itasema arobaini. Madamu atacheka, atasema mtandao wa kambi ni mbovu, na kazi ya kudumu itabaki pale pale. Aliona aibu kufikiri hivyo. Lakini ilikuwa aibu ndogo kuliko ile iliyomsubiri ndani, akaibeba.

Aliibeba kwa dakika kumi. Alitembea hadi getini na kurudi, mara nne, mara tano. Kisha akamkumbuka Kantengwa, ambaye usiku hujifunza kuandika jina lake kwa vidole vilivyochomwa na sindano, na wengine wakaja nyuma yake mmoja mmoja, jinsi walivyoandikwa daftarini. Wote walimwita fundi. Miguu ikageuka yenyewe.

"Madame, ile mustari iko na mashini ishirini na sita ndani yake," alisema kabla hajakaa. "Mi njo niliharibu. Nilitengeneza moja, nikakopia zingine zote. Ile fomu nilisaini bongo, uongo mutupu. Hakuna mwizi. Tafazali uzuie ile amri."

Madamu Natukunda alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa machoni. Akaigeukia skrini.

"Imefika," alisema. "Saa saba na dakika thelathini na moja."

Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tatu.

Walitazama pamoja wale wanawake wawili. Skrini ilisema amri imetekelezwa kwenye NAKI-01, na haikuweza kusema zaidi ya hapo, kwa kuwa kwake wote walikuwa NAKI-01. Madamu hakupiga kelele. Alimpa wiki moja kuzisajili upya zote bila malipo, na alisema ataandika kosa la kiufundi, si wizi, kwa sababu kosa ndilo lililotokea. Alichukua faili moja jembamba la kazi ya kudumu lililokuwa juu ya mengine, akavuta droo ya chini kabisa, akalitia humo. Nabintu aliliona jina lake kwenye jalada kabla droo haijafungwa. Getini askari aliipekua chaja yake tena.

*

Alikuwa amefika Kabingo, anasubiri gari la kwenda kambini, wakati simu ilipolia. Alikuwa amemwachia Appolinaire ujumbe kwamba hatari imepita, aitume kazi yake. Sasa jibu lilikuwa limekuja: imetumwa saa tisa, chuo kimepokea. Nabintu alicheka peke yake kando ya barabara mpaka mama muuza ndizi akamuuliza kama amebarikiwa mtoto. Furaha ilikuwa kubwa, na ilimziba. Njia nzima hakuuliza ni nani aliyefutwa.

Nyumbani alikuta soda mezani na Emery amevaa shati la Jumapili. Appolinaire alimkumbatia mbele ya majirani, jambo ambalo si kawaida yake. Alimweleza jinsi Papa Astère alivyofika mbio, mzee wa miaka hamsini na minane, kandambili moja mkononi kwa sababu ilikatika njiani, akapiga mlango kama nyumba inaungua. Appolinaire mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anafunga laptopu kwenye begi aende.

"Angalichelewa kidogo, ningalikuwa nimefika kule," alisema. "Nilimuita aje anywe soda, akasema kuna kitu anaangalia kwanza. Tangu saa ile hakuje."

Nabintu aliweka chini glasi ambayo alikuwa hajainywa. Alisikia tena ile simu, kwaya ikiimba, sauti ya mwanamke ikitangulia, na yule mzee akisema anaacha kila kitu. Akatoka bila kuvaa kitenge vizuri.

Chumba cha kompyuta kilikuwa wazi bado. Papa Astère alikuwa amekaa mbele ya laptopu yake ya kuazima, NAKI-07, mguu mmoja peku. Taa ya modemu iliwaka kijani ukutani. Alipomwona Nabintu uso wake ulipata nafuu.

"Fundi, umefika. Tazama hii. Inaniuliza lugha. Nimechagua Kiswahili, nimechagua Kifaransa, nyimbo hazirudi." Alieleza bila kungoja kuulizwa. Alikuwa ameiacha ikiimba. Huenda aliponyanyuka kwa haraka kiwiko kilibonyeza kitu. Huenda alipaswa kuizima kwanza, na yeye alisahau, uzee huo.

Kwenye mashine ile, kwa miaka miwili na vidole viwili, alikuwa amechapa nyimbo mia mbili na kumi na nne za Kirundi kutoka kichwani mwake na mwa wazee wenzake, kwa kuwa kitabu cha kwaya kilibaki upande wa pili wa mpaka. Na zilikuwemo zile sauti alizorekodi kanisani kabla mkewe Léoncie hajafariki. Ile sauti iliyotangulia ilikuwa ya Léoncie.

"Si weye, papa," Nabintu alisema. "Ni miye."

Alimweleza yote akiwa amesimama. Alianza na diski, akaja kwenye fomu, akaja kwenye ule mstari mmoja na maneno ya manjano. Aliitaja hata modemu, kwamba aliifikiria na kwamba aliogopa kuonekana mwizi. Papa Astère alisikiliza, kiganja chake kikiwa juu ya laptopu kana kwamba anaipima homa.

"Uliponipigia," aliuliza, "ulikuwa umekwisha kujua?"

Nabintu alitamani aulizwe kitu kingine chochote.

"Nilijua."

"Ukanituma kwa Papa Emery."

"Ndiyo."

Afadhali angefoka. Mzee alivuta droo, akatoa daftari la kuazima, akatafuta ukurasa. NAKI-07. Astère Nshimirimana. Hali ikitoka: nzuri. Hali ikirudi: patupu. Akaligeuza daftari upande wa Nabintu na kumpa kalamu.

"Siku zote ninaandika miye," alisema. "Leo andika weye."

Nabintu aliandika: imefutwa. Mzee hakulichukua daftari. Akaongeza: na fundi. Mzee bado alikuwa anatazama kalamu. Nabintu alifuta macho kwa kitenge, akainama, akaandika neno la mwisho: alijua. Akatia sahihi yake pembeni. Katika zote alizotia kwa kazi hii, ndiyo pekee ambayo mkono haukuizoea.

Papa Astère alisoma, akafunga daftari, akalirudisha mahali pake. Alikunja laptopu. Alichukua kandambili iliyokatika, akaenda ukutani kama afanyavyo kila jioni, akanyoosha kidole kimoja na kubonyeza modemu. Taa ya kijani ikazimika.

"Ni hivi tu, Mama Emery," alisema. "Ungeniambia."